Kwa nini timu inayosukwa upya hupoteza wachezaji waliomaliza mikataba

KILA unapofika mwezi Juni, wakati mpunga wa Kyela unavunwa na magunia ya kwanza yanapakiwa kwenye malori kuelekea Mbeya na Dar es Salaam, vijiwe vya Mbugani hubadili mazungumzo. Ligi imekwisha, kurasa za michezo zimejaa habari za usajili, na swali linaloulizwa juu ya vikombe vya kahawa ni lile lile la mwaka uliopita: safari hii anaondoka nani?

Kwa wapenzi wa soka wa Mkoa wa Mbeya swali hilo lina uchungu wa pekee. Wamezoea kumwona mchezaji waliyempigia makofi katika Uwanja wa Sokoine akiibuka mwezi Julai ndani ya jezi nyekundu ya Msimbazi au ya njano na kijani ya Jangwani, huku timu iliyomlea ikiwa haijapata hata shilingi moja.

Jibu la haraka vijiweni ni kwamba vigogo wa Dar es Salaam wamemrubuni. Jibu hilo lina chembe ya ukweli. Hata hivyo, halielezi kwa nini Simba na Yanga nazo, pamoja na fedha zao zote, hupoteza wachezaji kwa njia hiyo hiyo zinapokuwa katika kipindi cha kusuka upya vikosi.

Ukifuatilia matukio kwa tarehe zake, unaona kuwa mchezaji anayetangazwa na klabu mpya Julai mara nyingi alikwishapotea kati ya Januari na Mei. Alipotea wakati ofisi ya klabu yake haijajua kocha wa msimu ujao ni nani, nani atakayetia saini kwa niaba ya klabu, wala fedha za mishahara zitatoka mfuko gani.

Mchezaji huru, kwa lugha ya usajili, ni yule ambaye mkataba wake umekwisha au umevunjwa kihalali, hivyo klabu inayomtaka haina wa kumlipa isipokuwa yeye mwenyewe. Haki hiyo ilipata nguvu duniani kutokana na kesi ya mchezaji wa Ubelgiji, Jean-Marc Bosman, aliyezuiwa na klabu yake ya RFC Liège kuhamia Dunkerque ya Ufaransa ingawa mkataba wake ulikuwa umemalizika. Mahakama ya Ulaya iliamua kwa upande wake Desemba 15, 1995.

Kwa kanuni za sasa za Shirikisho la Soka la Kimataifa (Fifa), mchezaji anaruhusiwa kuzungumza na hata kusaini mkataba na klabu nyingine pindi mkataba wake unapobakiza miezi sita. Kwa mkataba unaokwisha Juni 30, maana yake ni kwamba mlango unafunguliwa mwanzoni mwa Januari, ligi ikiwa katikati. Kanuni hizo hizo zinaweka ukomo wa mkataba kuwa miaka mitano, na mitatu kwa mchezaji aliye chini ya umri wa miaka 18.

Katika soka letu mkataba wa miaka mitano ni nadra. Wa miaka miwili ndio wa kawaida, na wapo wanaosaini mwaka mmoja. Mchezaji wa miaka miwili hutumia msimu wa kwanza kuzoea na nusu ya msimu wa pili kung'ara, na mara tu anapong'ara anaruhusiwa kuzungumza na watu wengine. Klabu yenye utulivu huwahi kumwita mezani kabla ya hapo. Klabu iliyo katika ujenzi ina mambo mengine ya kushughulikia.

Jambo la pili ni fedha ya usajili, na hapa ndipo penye kiini. Nchini mwetu mchezaji halipwi mshahara tu, bali hupewa kitita anapomwaga wino, na kitita hicho mara nyingi ndicho kinachojenga nyumba ya wazazi wake.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Klabu imetenga Sh milioni 60 ili kumpata kiungo fulani. Kama kiungo huyo amebakiza mwaka mmoja katika mkataba wake, ni lazima kwanza wazungumze na waajiri wake. Tuseme wamekubaliana Sh milioni 35. Mchezaji anabakiwa na Sh milioni 25. Akivumilia hadi mkataba uishe, milioni 60 zote zinaweza kuwa zake.

Sasa itazame hesabu hiyo kutoka upande wa timu yake. Ili imbakishe, haina budi kutafuta kiasi kinachokaribia hizo milioni 60 kwa ajili ya mtu ambaye tayari imekuwa naye kwa miaka miwili. Kwa kiongozi aliyeingia madarakani kwa ahadi ya kujenga timu mpya, fedha hizo zinaonekana bora zisajili vijana watatu. Kila upande, kwa akili timamu kabisa, unachagua kuachana, kisha shabiki anatafuta msaliti.

Mbeya City ni mfano ambao wasomaji wengi wa huku Nyanda za Juu Kusini wanaukumbuka. Timu hiyo iliyo chini ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya ilipanda Ligi Kuu mwaka 2013, na katika msimu wake wa kwanza, 2013/14, ikamaliza ya tatu chini ya kocha Juma Mwambusi, nyuma ya Azam iliyotwaa ubingwa bila kupoteza mchezo na Yanga iliyoshika nafasi ya pili. Simba ilikuwa nyuma yao. Mashabiki waliisindikiza timu kwa mabasi hadi mikoa ya mbali, jambo ambalo lilikuwa halijaonekana kwa timu ya mkoani kwa muda mrefu.

Timu inayopanda daraja ina ugonjwa wake. Husajili kwa mkupuo, hivyo mikataba yake huelekea kuisha kwa mkupuo. Mafanikio ya haraka huwapandisha bei wachezaji sita au saba kwa wakati mmoja, wakati mapato ya klabu hayajapanda kwa kiwango hicho.

Mwaka 2015 Deus Kaseke alikwenda Yanga na Peter Mwalyanzi akaenda Simba. Mwishoni mwa mwaka huo kocha Mwambusi naye akachukuliwa na Yanga kuwa msaidizi wa Mholanzi Hans van der Pluijm. Kiti chake kikakaliwa baadaye na Kinnah Phiri kutoka ng'ambo ya Mto Songwe, Malawi, kisha na Mrundi Ramadhani Nsanzurwimo.

Kila kocha mpya alikuja na orodha yake, na mchezaji aliyesajiliwa na mtangulizi hakuwa na hakika kama jina lake limo. Ndiyo maana kuondoka kwa kocha aghalabu hufuatwa na kuondoka kwa wachezaji waliokuwa wakimaliza mikataba. Wanamfahamu kocha, hawaifahamu kamati.

Kuna jambo moja dogo ambalo huwa halizungumzwi kuhusu timu za halmashauri kwa ujumla wake. Mwaka wa fedha wa Serikali nchini huanza Julai 1, siku moja baada ya mikataba mingi ya wachezaji kuisha. Kiongozi wa timu anayesubiri bajeti ipite na fungu lifunguliwe ndipo amwite mchezaji mezani, anamwita mtu ambaye kisheria si wake tena.

Wazee wa Kyela na Rungwe hawakushangazwa na yaliyoipata Mbeya City, kwa kuwa walikwisha kuyaona. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo ulioko juu ya mlima kwenye barabara ya kutoka Kyela kwenda Mbeya, ilitwaa ubingwa wa Tanzania. Haikurudia tena kilele hicho. Enzi hizo soka lilikuwa la ridhaa na hakukuwa na mikataba ya aina ya leo. Mchezaji alivutwa kwa ahadi ya kazi katika shirika la umma au kwa sifa ya kuvaa jezi ya klabu kubwa. Sekilojo Chambua, aliyepitia Tukuyu Stars, aling'ara Yanga kwa miaka mingi iliyofuata.

Tofauti ni kwamba Tukuyu ya wakati huo haikuwa na karatasi ya kuilinda. Klabu ya leo inayo, na inaiacha ifikie mwisho.

Wanaoamini kuwa tatizo hili ni la timu maskini za mikoani watazame yaliyoikuta Yanga. Mwezi Mei 2017, ikiwa imetoka kutwaa ubingwa wa tatu mfululizo, klabu hiyo ilipoteza mwenyekiti wake, Yusuf Manji, aliyejiuzulu. Manji alikuwa ndiye mfadhili mkuu. Ndani ya miezi mitatu Haruna Niyonzima alikuwa Simba na Kaseke yuko Singida United. Simon Msuva aliuzwa Difaa El Jadida ya Morocco.

Itakumbukwa kuwa katika kipindi hicho hicho Yanga ilimpata Ibrahim Ajibu kutoka Simba, naye akiwa amemaliza mkataba. Mlango wa wachezaji huru hufunguka pande zote mbili, na klabu yenye shida inaweza kuupitia pia kama jina lake bado lina uzito.

Miaka miwili iliyofuata Yanga ilikwenda bila uongozi kamili. Kocha Mwinyi Zahera alikuwa akilalamika hadharani kuhusu hali ya fedha, na wanachama wakahamasishwa kuichangia klabu yao. Uchaguzi ulifanyika Mei 5, 2019, na Dk. Mshindo Msolla akachaguliwa kuwa mwenyekiti. Uongozi mpya ulikuwa na chini ya miezi miwili kabla ya mikataba kuisha.

Muda huo haukutosha. Katika dirisha hilo la mwaka 2019 Simba iliwachukua watu watatu kutoka Jangwani: Ajibu, ambaye alikuwa amevaa kitambaa cha unahodha msimu huo, beki wa kushoto Gadiel Michael, na kipa Beno Kakolanya aliyekuwa ameingia katika mgogoro na klabu kuhusu madai ya fedha zake. Mshambuliaji Heritier Makambo naye aliondoka kwenda Horoya ya Guinea, lakini yeye aliuzwa, kwa kuwa mkataba wake ulikuwa bado unaendelea.

Inafaa kuwapima wanne hao kwa mizani moja. Makambo aliacha fedha za kusajili mtu mwingine. Ajibu na Gadiel waliacha nafasi tupu, tena wakaiimarisha klabu pinzani. Inawezekana kusema, na wapo waliosema, kwamba Yanga haikupoteza sana kwa Ajibu, kwa sababu alipofika Msimbazi hakuipata tena nafasi kubwa aliyokuwa nayo Jangwani. Hiyo ni kweli, lakini klabu haiwezi kupanga mambo yake kwa kutegemea kuwa mchezaji atakwenda kukaa benchi kwa wenzake. Simba iliendelea kuwa bingwa hadi msimu wa 2020/21.

Miaka mitano baada ya dirisha hilo ikawa zamu ya Simba. Aprili 2024 kocha Abdelhak Benchikha aliondoka, na Juma Mgunda akakabidhiwa timu kwa muda. Ligi ikaisha Simba ikiwa ya tatu, nyuma ya Yanga na Azam. Mwezi Juni wajumbe wa bodi wa upande wa mwekezaji wakajiuzulu na Mohammed Dewji akarejea kuwa mwenyekiti wa bodi.

Katikati ya hayo yote ulikuwapo mkataba wa Clatous Chama, kiungo wa Zambia aliyefika Msimbazi mara ya kwanza mwaka 2018, ukihesabu siku zake. Ulikwisha Juni 30. Julai 1 Yanga ikamtangaza. Kocha mpya wa Simba, Fadlu Davids kutoka Afrika Kusini, alitangazwa siku chache baadaye.

Mtu anaweza kujiuliza: katika wiki zile za Mei na Juni, nani ndani ya Simba angemwambia Chama kwa hakika atacheza nafasi gani, chini ya nani, kwa mshahara upi, na kwa miaka mingapi? Kocha wa muda hana mamlaka ya kuahidi msimu ujao. Mjumbe anayejiandaa kujiuzulu hawezi kuthubutu kusaini mkataba mkubwa, na aliyeingia jana anataka kwanza kusoma vitabu vya hesabu. Upande wa pili wa mji, kulikuwa na bingwa wa ligi mwenye kocha, rais na mwekezaji wanaojulikana.

Mchezaji wa miaka 33 hana misimu mingi ya kusubiri. Kipindi cha ujenzi wa timu ni miaka miwili au mitatu, na kwa mtu wa umri huo hiyo inaweza kuwa ndiyo iliyobaki. Kijana wa miaka 20 anaweza kuambiwa "vumilia, tunajenga", kwa sababu jengo likikamilika atakuwa bado ndani. Mkongwe anajua kuwa likikamilika yeye hatakuwapo.

Hapa pia haki itendeke kwa uongozi wa Simba. Kumwacha mkongwe aondoke si lazima liwe kosa. Msimu huo wa 2024/25, wakiwa na Jean Charles Ahoua aliyeibuka mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16, Wekundu hao walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ambako walifungwa na RS Berkane. Chama naye hakudumu Yanga. Mwaka 2025 alihamia Singida Black Stars. Kosa huwa kubwa pale klabu inapokuwa haijaamua lolote, halafu kalenda ikaamua kwa niaba yake.

Mbali na kuchelewa kuamua, ipo sababu nyingine ambayo huwatengeneza wachezaji huru kabla ya wakati: mishahara isiyolipwa. Tangu mwaka 2018 kanuni za Fifa zinatamka kuwa klabu ikishindwa kumlipa mchezaji walau mishahara ya miezi miwili kwa wakati wake, mchezaji anaweza kuiandikia notisi ya siku 15, na isipolipa akavunja mkataba kwa sababu ya haki. Timu iliyo katika ujenzi, ambayo mfadhili wake ameondoka na mwingine bado anazungumza, ndiyo iliyo katika hatari kubwa ya kuangukia hapo. Mchezaji wa namna hiyo anaondoka akiwa huru, kisha klabu inabaki na deni.

Hata asipovunja mkataba, mchezaji anayedai hukumbuka. Akiitwa mezani kuzungumzia mkataba mpya, jambo la kwanza atakalouliza ni lile la mkataba wa zamani.

Swali jingine linaloulizwa mara kwa mara ni kama timu ndogo haipati chochote kabisa. Jibu linategemea umri na mpaka. Fifa ina fidia ya malezi, ambayo klabu zilizomfundisha mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 21 zinaweza kulipwa anapohamia nchi nyingine hadi mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23, hata kama mkataba wake umekwisha. Klabu inayomchukua ikiwa ya daraja la chini kabisa katika mpangilio wa Fifa, fidia hiyo haipo. Upo pia mchango wa mshikamano, asilimia 5 ya ada ya uhamisho inayogawiwa klabu zilizomlea. Kwa mchezaji huru hakuna ada, na asilimia 5 ya sifuri ni sifuri.

Kwa watu wa Kyela mpaka huo una kichekesho chake. Kijana wa Mbugani akivuka daraja la Kasumulu kwenda kuchezea Karonga United, ambako anaweza kufika na kurudi siku hiyo hiyo, huo ni uhamisho wa kimataifa na unahitaji hati yake. Akisafiri zaidi ya kilomita 800 kwenda Dar es Salaam, kanuni hizo za fidia ya kimataifa hazimhusu.

Klabu zinazofanikiwa kuwabakiza watu wao wakati wa ujenzi hufanya mambo ambayo hayana siri. Hupanga mikataba iishe kwa zamu, watu wanne mwaka huu na watano mwakani, ili Juni moja isiwaondoe wote. Huamua mwaka mmoja kabla: huyu anaongezewa, huyu anauzwa sasa angali na bei, huyu anaachwa amalize kwa heshima. Na humpa mtu mmoja kazi ya kusimamia mikataba, mtu ambaye haondoki kocha anapoondoka.

Tanzania Prisons, majirani wa Mbeya City katika Uwanja wa Sokoine, wamekuwa na njia yao. Baadhi ya wachezaji wao ni askari walioajiriwa na Jeshi la Magereza, na mtu mwenye ajira ya kudumu hufikiri mara mbili kabla ya kuifuata fedha ya usajili ya msimu mmoja. Njia hiyo haiigiki na klabu ya kiraia, na haijawahi kuwapa ubingwa wa karibuni, lakini imewapa kikosi kisichobomoka kila Juni.

Mbeya City yenyewe ilishuka daraja mwaka 2023, ilipofungwa na Mashujaa ya Kigoma katika mechi za mchujo, ikakaa misimu miwili chini na kurejea Ligi Kuu kwa msimu wa 2025/26. Kama ilivyokuwa mwaka 2013, ilirudi na kikosi kilichosajiliwa kwa ajili ya kupanda, na kila jina katika kikosi hicho lina karatasi yenye tarehe ya mwisho.